Karatasi ya Damu na Uchovu Usiokwisha: Historia Fupi kwa Familia Zetu



Ndugu wapenzi wasomaji, hivi karibuni, baada ya darsa ya kina mama hapa Kibagabaga, dada mmoja alitoa kwenye mkoba wake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni mama wa watoto watatu, na mdogo wao bado ananyonya. Kwa miezi mingi amekuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala. Akipanda kilima kutoka barabara kubwa hadi kwake, husimama mara mbili kuvuta pumzi. Mumewe alidhani ni uvivu. Mama mkwe alidhani ni mimba nyingine. Yeye mwenyewe alianza kudhani kuwa imani yake imepungua, kwa sababu hata kuamka Alfajiri kulimshinda.

Mara ya kwanza alipopima damu, katika kituo ambacho hatutakitaja, aliambiwa: "Wingi wa damu 12.4, uko sawa, nenda kapumzike." Alikwenda, akapumzika, na uchovu ukabaki pale pale. Mara ya pili, kwingine, alipewa karatasi ndefu zaidi yenye vishale vya kupanda na kushuka. Akatuuliza: "Kama damu yangu iko sawa, hivi vishale vinasema nini?"

Sisi si madaktari, na makala hii haichukui nafasi ya daktari. Lakini tulipokaa kumjibu tuligundua kwamba kila mstari wa karatasi ile una historia yake. Kuna watu walioumwa, na kuna watu waliohangaika kutafuta sababu, kabla mstari ule haujaandikwa. Anayeijua historia hiyo hasomi karatasi kwa hofu, wala hadanganyiki na neno "sawa" lililoandikwa kwenye mstari mmoja tu. Basi twendeni mstari kwa mstari, in shaa Allaah.

Mstari wa kwanza: wingi wa damu

Kwenye karatasi nyingi za hapa Kigali kipimo hiki huwa ndani ya kundi liitwalo NFS au FBC, yaani picha kamili ya damu. Mstari wa hemoglobini huandikwa Hb. Hemoglobini ni kitu chekundu kilichomo ndani ya chembe za damu, na kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Katikati yake kuna chuma.

Kwamba damu ina chuma si habari mpya. Katika miaka ya 1740, mtaalamu wa Bologna, Italia, aitwaye Vincenzo Menghini alichoma damu ikawa majivu, kisha akaona sumaku inavuta chembe za majivu yale. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1832, daktari Mfaransa aitwaye Pierre Blaud alitangaza vidonge vyake vya chuma. Aliwatibu kwavyo wasichana waliopauka, wenye mapigo ya moyo ya haraka na uchovu usioelezeka. Kabla ya hapo ugonjwa huo ulipewa majina mengi, na wapo waliousema kuwa ni ugonjwa wa mapenzi. Msichana aliyepungukiwa na chuma aliambiwa anawaza mchumba! Ndugu zetu, tusicheke sana. Mama aliyepungukiwa na chuma leo anaambiwa ni mvivu.

Sasa, hiyo namba 12 ilitoka wapi? Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mipaka ambayo bado ndiyo msingi mpaka leo: mwanamume asipungue gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye mjamzito 12, na mjamzito 11. Mwongozo mpya wa mwaka 2024 umeibakiza mipaka hiyo kwa watu wazima. Kwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kati umeshusha kikomo hadi 10.5. Maabara nyingine huandika kwa lita badala ya desilita, hivyo 12.4 huonekana kama 124. Ni kitu kile kile.

Lakini hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa milimani. Mipaka ile ni ya mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na mwili hujitengenezea hemoglobini zaidi ili kufidia. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kwa jedwali la WHO la mwaka 2024, anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999 huongezewa gramu 1.1 kwenye kikomo. Yaani kwa mwanamke wa Kibagabaga mstari hauko kwenye 12 bali kwenye 13.1. Dada yetu mwenye 12.4 angekuwa Mombasa au Unguja, asingehesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Hapa kwetu anahesabiwa.

Je, kila karatasi inazingatia hilo? Hapana. Mara nyingi mashine huchapisha kiwango ilichowekewa na kiwanda au maabara. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: "Kiwango hiki kimezingatia kuwa tunaishi milimani?" Ni swali la adabu, na daktari atalielewa.

Mstari wa pili: ukubwa wa chembe

Chini kidogo ya Hb utaona herufi MCV. Huu ni ukubwa wa chembe nyekundu moja moja, na kawaida yake kwa mtu mzima ni kati ya 80 na 100. Chembe ndogo kuliko hapo hutufanya tushuku upungufu wa chuma, ingawa magonjwa ya kurithi ya damu pia huzifanya ndogo. Chembe kubwa kuliko hapo hutufanya tushuku upungufu wa foleti au vitamini B12.

Historia ya mstari huu inawahusu mama zetu wa Kiislamu moja kwa moja. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuchunguza kwa nini wajawazito wengi walikuwa wakipungukiwa damu vibaya, wengine mpaka kufa. Chembe zao zilikuwa kubwa, si ndogo, na hilo liliwashangaza madaktari. Bi Wills hakuishia kwenye darubini. Aliuliza wanawake hao wanaishi vipi na wanakula nini. Akaona kwamba wanawake maskini wa Kiislamu walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi, na kwamba chakula chao kilikosa mboga na matunda. Alijaribu tiba nyingi, kisha akawapa Marmite, rojo la hamira la bei nafuu, wakaanza kupata nafuu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1931 bila kujua kilichomo ndani ya rojo lile. Mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani walikipata kitu kile ndani ya mchicha, wakakipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani: foleti. Basi mama unapopika isombe au dodo, ujue kwamba dawa ile iliyohangaikiwa Bombay imo sufuriani mwako. Usiichemshe kupita kiasi tu, maana foleti huharibika kwa moto mrefu.

B12 nayo ina kisa chake. Ulikuwepo ugonjwa wa damu ambao ukimpata mtu, familia ilianza kujiandaa kwa msiba. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy, wa Boston, walionyesha kwamba wagonjwa hao hupona wakila maini kwa wingi kila siku. Pamoja na George Whipple walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Mwaka 1948 kitu kile cha ndani ya maini kilipatikana kikiwa safi, nacho ndicho vitamini B12. Ilikuja kufahamika kwamba wengi wa wagonjwa wale hawakukosa nyama mezani. Tumbo lao ndilo lililoshindwa kuinyonya vitamini. Ndiyo maana mpaka leo mtu anaweza kula vizuri na bado akapungukiwa, hasa mzee, mgonjwa wa tumbo, au mwenye kisukari anayetumia metformini kwa miaka mingi.

Kwa kawaida B12 iliyo chini ya 200 (pikogramu kwa mililita) huhesabiwa upungufu, na iliyo juu kidogo ya hapo huhitaji uangalizi. Dalili yake si uchovu peke yake. Ganzi miguuni, kuyumba na kusahau ni ishara za kuharakisha kwa daktari. Tena ihadharini: vidonge vya foliki peke yake vinaweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Usijitibu kwa kukisia.

Mstari wa tatu: ferritini, yaani akiba

Huu ndio mstari uliomshangaza dada yetu, na ndio ambao mara nyingi haupimwi mpaka uombwe.

Fikirini nyumba yenye sufuria jikoni na gunia la unga stoo. Hemoglobini ni ugali uliomo kwenye sufuria. Ferritini ni unga ulio stoo. Mgeni akichungulia jikoni ataona ugali upo, atasema nyumba hii ina neema. Mama mwenye nyumba ndiye anayejua kwamba gunia limebaki vumbi. Mwili nao hula akiba kwanza, na hemoglobini hushuka mwishoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na upungufu wa chuma, na uchovu wake, wakati wingi wa damu bado unasomeka "sawa".

Ferritini iligunduliwa mwaka 1937 na Vilém Laufberger, Mcheki, katika wengu wa farasi. Ilichukua miaka 35 mpaka watafiti wa Cardiff, Wales, walipopata njia ya kuipima katika damu ya kawaida mwaka 1972. Kabla ya hapo, kuijua akiba ya chuma ya mtu kwa hakika kulihitaji kumtoboa mfupa na kutazama uboho.

Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa mwaka 2020, mtu mzima mwenye afya akiwa chini ya 15 akiba yake imekwisha. Lakini ferritini hupanda mwili unapopambana na maradhi. Mtu aliyetoka kwenye malaria au mwenye uvimbe wa ndani anaweza kuonyesha namba nzuri ilhali gunia ni tupu. Kwa huyo WHO inapandisha kikomo hadi 70. Hivyo basi, mwambie daktari kama ulikuwa na homa wiki ile uliyopimwa.

Ushahidi wa jambo hili hatuna haja ya kuufuata mbali. Upo hapa hapa Rwanda, katika mji wa Huye. Watafiti walichukua wasichana 195 wa chuo kikuu, wa miaka 18 hadi 27, wote wakiwa na ferritini ya chini. Asilimia 86 walikuwa chini ya 15, lakini waliokuwa na upungufu wa damu wenyewe ni asilimia 37 tu. Yaani zaidi ya nusu ya wasichana wale wangepimwa Hb peke yake, wangerudishwa bwenini wakiambiwa wako sawa. Kwa siku 128 nusu yao walikula maharage ya kawaida, na nusu walikula maharage yaliyozalishwa yakiwa na chuma zaidi, ambayo wakulima wa Rwanda walianza kuyapata tangu mwaka 2010. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliokula maharage yenye chuma zaidi hemoglobini na ferritini zao zilipanda kuwazidi wenzao. Ripoti ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba hata kumbukumbu zao zilifanya kazi kwa haraka zaidi.

Enyi wanafunzi wetu, hasa mabinti, mlielewe hili. Huenda anayesinzia juu ya kitabu si mzembe. Huenda gunia lake ni tupu.

Basi si tumeze vidonge tu?

Wengi watasema: kama ndivyo, kwa nini tuhangaike na vipimo? Tununue vidonge vya damu duka la dawa, tumeze familia nzima. Jibu la swali hili liko kisiwani Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa Pemba, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, walipewa chuma na foliki kila siku katika utafiti mkubwa. Nia ilikuwa njema, kwani upungufu wa damu kisiwani ulikuwa mwingi. Lakini Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Malaria ilikuwa kali kisiwani wakati ule. Taarifa ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 2006. Na ndani yake kulikuwa na funzo la pili: katika kundi dogo lililopimwa vizuri, watoto waliokuwa kweli wamepungukiwa chuma na damu walinufaika.

Dawa ilikuwa ile ile. Iliwafaa waliokuwa na haja nayo na iliwadhuru wengine. Ndiyo maana leo WHO inataka chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria kiende pamoja na kuzuia, kupima na kutibu malaria. Na ndiyo maana tunasema: pima kwanza. Tena vidonge hivi viwekwe mbali na watoto, maana mtoto akimeza vingi kwa mara moja ni sumu inayoua.

Mstari wa vitamini D

Karatasi nyingine huwa na vitamini D, jina lililotolewa mwaka 1922 na Elmer McCollum wa Marekani na wenzake. Ngozi huitengeneza kwa jua. Jua la Kigali lipo mwaka mzima, lakini anayefanya kazi ndani kutwa, na anayejisitiri vyema kila atokapo, hupata kidogo. Namba ya 20 (nanogramu kwa mililita) na zaidi inawatosha wengi, na chini ya 12 ni upungufu wa wazi. Vipimo vya namba moja na nyingine hutofautiana, kwani maabara zinazotumia nanomoli huandika 50 mahali pa 20. Upungufu wake huumiza mifupa na misuli. Lakini uchovu peke yake usiutupie vitamini D kabla ya kutazama chuma. Ua wa nyumba wenye faragha na dakika chache za jua mikononi na usoni ni neema isiyo na gharama.

Turudi kwa dada yetu

Karatasi yake ya pili ilisema hivi: Hb 12.4, MCV 77, ferritini 6, B12 410, vitamini D 24. Sasa msomaji wetu unaweza kuisoma. B12 haina neno. Vitamini D inatosha. Chembe ni ndogo, akiba imekwisha, na hemoglobini, kwa mkaazi wa milimani, iko chini ya mstari. Neno "sawa" la mara ya kwanza lilitoka kwenye mstari mmoja, tena kwa kikomo cha watu wa pwani.

Lakini kazi haijaisha hapo. Kujua kwamba gunia ni tupu hakukuambii nani anachota unga. Daktari alimuuliza kuhusu hedhi, naye aliona haya. Tunawaambia dada zetu: nyinyi mnahesabu siku za hedhi kwa uangalifu kwa ajili ya swala na saumu. Hesabu hiyo hiyo mpelekeeni daktari. Ikizidi siku saba, au mkibadilisha vitambaa kila saa moja au mbili, mseme. Semeni pia kama mna hamu ya kula udongo au barafu, maana hiyo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Ama mwanamume, au bibi aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, lazima atafutiwe mahali anapovuja damu, hasa tumboni. Asipewe vidonge na kuachwa. Na vipimo vyote vikiwa vizuri, uchovu bado una milango mingine: tezi ya shingo, sukari, kifua kikuu, usingizi, huzuni ya moyo.

Katika chakula, nyama, maini na sambaza za Kivu hutoa chuma kinachonyonywa kwa urahisi. Maharage na mboga za majani husaidiwa na ndimu au chungwa. (Mjamzito asizidishe maini, kwa sababu ya wingi wa vitamini A.) Chai ndiyo mshindani wetu mkubwa, kwani tangu mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba huzuia chuma kuingia mwilini. Hatusemi muache chai ya maziwa, nani angetusikiliza! Tunasema iacheni saa moja au zaidi baada ya chakula au kidonge. Na Ramadhani kidonge na kikombe cha chai visikutane kwenye futari. Daktari akikuandikia kidonge kwa kuruka siku, usishangae, kwani tafiti za Uswisi za 2015 na 2017 zilionyesha kuwa mwili huweza kunyonya vizuri zaidi hivyo. Na ukijisikia vizuri usiache dawa mapema: jikoni hujaa kwanza, stoo hujazwa miezi kadhaa baadaye.

Dada yetu yuko mwezi wa tatu wa dawa. Alhamdulillaah, kilima anakipanda kwa kusimama mara moja tu, na mara hiyo, anasema, ni kwa ajili ya kumngoja mtoto. Mumewe ndiye aliyeibandika karatasi ile ukutani jikoni, na mstari wa ferritini ameuzungushia wino.

Nasi tunawaomba wazazi jambo moja. Kabla ya kumwita mtu mvivu ndani ya nyumba, muulizeni kwanza: "Umepima? Na akiba je?"

Tunamuomba Allaah atupe afya njema sote na familia zetu. Wassalaam alaykum.